Oganaiza Yangu kwenye Kompyuta ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike ana saiba, duka la kompyuta na intaneti, huko Makongeni, Thika. Kompyuta zake ni za mitumba, na zote zinaendeshwa na programu huria, zile zisizonunuliwa, ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzifungua na kuzirekebisha. Nilimwendea asubuhi moja nikiwa na oganaiza yangu nimeifunga kwa kitambaa cha kichwa.

Nilipewa oganaiza hiyo, mashine ndogo ya kuandikia kumbukumbu, kazini, nilipokuwa karani wa stoo katika kiwanda cha nguo Ruiru. Inatoshea kiganjani, kioo chake hakina rangi, na huandikwa kwa kijiti cha plastiki. Wenzangu waliziacha zao zamani wakahamia simu. Mimi nilibaki nayo kwa sababu ambayo sikumwambia mtu. Niliugua homa ya uti wa mgongo, na nilipopona kumbukumbu haikurudi sawa. Mambo ya utotoni ninayo yote. Ya jana hunitoroka. Simu ilinichanganya, lakini kile kijiti mkono ulikuwa umekizoea kabla ya ugonjwa. Basi nikawa naandika kila kitu humo, na watu wakaniona mama mwenye mpangilio. Nikawaacha waone hivyo.

Sasa kifuniko cha betri kilikuwa kimevunjika, na mashine ile ikikaa bila betri kidogo tu, hufuta kila kitu.

"Nataka unitolee vitu vyote viingie kwa kompyuta," nilimwambia. "Lakini usisome."

Akacheka. "Na nitajuaje vimeingia kama sijasoma?"

Tuliiweka kwenye kitako chake, kile kibao cha kuisimamishia nilichokuja nacho, akachomeka waya wake kwenye kompyuta. Kompyuta haikuona kitu. Alitafuta mtandaoni, akakuta watu wengine waliohangaika kama sisi, akasema ni lazima kitufe cha kwenye kitako kibonyezwe kwanza; hapo kompyuta huiona, tena kwa muda mfupi tu. Nikabonyeza, naye akaandika amri. Kompyuta ikakataa, ikidai hana ruhusa ya kutumia waya ule. Akaingia kama msimamizi, akaniambia nibonyeze tena. Mistari ikaanza kuteremka kwenye kioo kikubwa.

Nyuma yetu alikaa mzee mmoja aliyekuja kuchapishiwa barua. Akaanza kusoma polepole kwa sauti, kama wasomavyo watu wanaposubiri.

"Zima gesi. Mlango wako ni wa kijani. Jirani ni mjane, pole ulishampa." Akauliza, "Hii ni ya mtoto?"

Nilinyoosha mkono nikafunika kioo, lakini kiganja kingefunika nini?

"Toa mkono," mdogo wangu akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Alikuwa amefika kwenye mstari ambao, ningekumbuka kuwa upo, nisingekanyaga Thika siku hiyo. Ulisema: *Mtoto wa mdogo wako hakuishi. Usimuulize tena.*

Alichapisha barua ya mzee, akampa, akamsindikiza mpaka nje. Kisha akarudisha mlango nusu, akaketi.

"Uliniuliza mara mbili," akasema. "Mara ya pili ilikuwa kanisani, mbele ya akina mama. Ukasema, mtoto yuko aje, mbona hujamleta."

Sikukumbuka hata moja. Neno lile "tena" ndilo lililonithibitishia.

"Nilifikiri unanisimanga," akaendelea. "Miaka hii yote. Nikasema, kama ni roho mbaya ameanza, basi nitamsalimia tu na nisimzoee. Kumbe ulikuwa umesahau."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya kuugua?"

Niliona bora adhani sina utu kuliko ajue sina kumbukumbu. Nilipoliona jambo hilo waziwazi, pale mbele yake, nilitamani kuondoka.

Alivuta kibodi karibu. "Hapa kwa 'usimuulize', natoa."

"Ukitoa nitakuuliza tena."

"Basi niulize. Watu wote waliacha. Mama aliacha, hata baba ya mtoto aliacha. Wakiniona wanaongea mambo ya mvua. Ni wewe peke yako uliwahi kuuliza yuko aje."

Akafuta, akaandika mahali pale: *Alikuwa msichana. Alikuwa na nywele nyingi.* Akaniambia nibonyeze kitufe ili maneno yarudi kwenye oganaiza. Nikabonyeza, yakarudi.

Nikamuuliza alifanana na nani. Akaanza kunieleza: masikio ya nyanya yetu, vidole virefu, kidevu cha baba yake. Alikuwa akilia na hakujificha. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, naandika kwa kijiti nisipitwe na neno, kama napokea mzigo stoo, kwa sababu kisichoandikwa kingepotea kabla ya Jumapili. Mara moja nilimwomba arudie kuhusu masikio. Akarudia. Sijui kama kuna aibu iliyonibana kuliko hiyo, kumrudisha mama nyuma katika hadithi ya mtoto wake ili nimalize sentensi.

Alipomaliza, alijifuta uso akauliza kama nitakunywa chai. Ikabidi nimuulize kama tayari tulikuwa tumekunywa.

"Bado," akasema, akaenda kuwasha jiko.