Mwinjilisti Tuliyempima kwa Karatasi

Msomaji wangu, wiki iliyopita tulimzika mwinjilisti wa kike aliyeutumikia mtaa wetu wa Zuzu kwa miaka mingi, huko kijijini kwao Haneti. Mhubiri alisema marehemu alikuwa "mtu wa hulka ya upole", na waombolezaji wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Neno hilo, hulka, ndilo tulilomfungia mama yule, na miongoni mwa walioshika kamba nilikuwamo.

Miaka mitatu iliyopita usharika wetu ulimwalika mwalimu wa semina kutoka nje ya mkoa. Alikuja na projekta na karatasi za maswali, akatugawa katika mafungu manne: wachangamfu, wakali, wenye huzuni na wazito. Mimi, mzee wa kanisa na katibu wa baraza, ndiye niliyejumlisha majibu. Mwinjilisti aliangukia kwa wazito. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, Bwana Yesu alilia kaburini kwa rafiki yake, tena akapindua meza hekaluni. Yeye yuko fungu gani?" Mwalimu akatabasamu. "Yesu alikuwa nayo yote, mama. Wewe una moja." Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikacheka.

Mwaka huohuo baraza lilitafuta msimamizi wa mtaa. Kazi ambayo mama yule alikuwa akiifanya siku zote bila cheo tukampa mwanamume mmoja mwenye sauti nene, wa fungu la wakali. Kwenye muhtasari niliandika kwa mkono wangu kwamba hulka ya mwinjilisti haimruhusu kuongoza. Haikupita miezi mingi, muumini mmoja akafiwa na mumewe, na ndugu wa mume wakaja kung'oa bati za nyumba ya mjane. Msimamizi wetu mkali alisema hayo ni mambo ya ukoo, akabaki kwake. Mwinjilisti alichukua kigoda, akaketi mlangoni kwa mjane tangu asubuhi, akibangua karanga. "Shemeji zangu, ng'oeni tu," aliwaambia. "Mimi nipo hapa chini, na kila atakayepita nitamweleza mnachofanya." Alasiri walishuka, wakaondoka. Nasi barazani tulisemaje? Kwamba ni mzito, hata kuinuka mlangoni kunamshinda.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba mafungu hayo yalitoka kwa matabibu wa Kiyunani wa kale, waliodhani tabia ya mtu inatokana na damu, nyongo na makohozi yake. Sisi tunaowakemea ndugu zetu wanaokwenda kupiga ramli tuliyapokea makohozi kwa shangwe, kwa kuwa yaliletwa na mtu aliyevaa tai na kufungua kwa sala. Kujitambua si dhambi, na huenda maswali yale yamewasaidia wengine. Lakini sisi hatukuyatumia kumjua mwenzetu. Tuliyatumia ili tusihangaike tena kumjua.

Mwaka jana alinisimamisha baada ya ibada. "Mzee, siku hizi nikitoka nyumbani hadi hapa kanisani napumzika mara tatu. Na miguu inavimba." Nikamjibu kwa mzaha, "Si ndilo fungu lako, mama? Ninyi huchoka kabla hamjaanza." Alitazama chini, akaenda zake. Alipofikishwa hospitalini, moyo ulikuwa umekwisha kudhoofika, na daktari akasema wamechelewa. Msibani binti yake aliniamkia, "Shikamoo, baba," kisha akaniambia bila hasira, "Tulimsihi mapema akapimwe. Akatujibu kuwa hata mzee wa kanisa amesema ni hulka yake."

Ninachoweza kukwambia, msomaji wangu, ni hiki: mimi sikumsikia mama yule kwa sababu nilikuwa na jibu lake kabla hajafungua kinywa. Mwenzako akikwambia anaumwa, muulize anaumwa wapi, kisha mpeleke hospitali.