Ubavu wa Mama Vipimo

Yule fundi cherehani waliyempachika jina la Mama Vipimo hakuwahi kumwamini mtu kwa mdomo. Mteja akidai kiuno chake ni kilekile cha mwaka jana, utepe ulikuwa umeshamzunguka. "Kilichokonda ni maneno, mwanangu, kiuno bado," alimwambia, kisha akakifunga kitambaa chake uzi wa rangi ya peke yake, kisije kikachanganywa na cha mwingine.

Ndiyo maana siku ile, akiwa kitandani hospitalini na mpira wa oksijeni puani, macho yake yalikagua kila kitu. Msimu mzima wa sare za shule alikuwa amekaa kwenye cherehani kutwa, mguu ukavimba, akaupuuza. Kisha pumzi ikaanza kumkatika hata akipiga pasi. Hapo hospitali wakamwingiza kwenye mashine ya CT, duara kubwa kama tairi la trekta, wakamdunga dawa iliyompasha moto mwili mzima, wakamwambia abane pumzi. Yeye, ambaye pumzi yenyewe hana!

Kilichomtia shaka ni jibu.

"Damu iliganda mguuni, bonge likapanda hadi kwenye mapafu," alisema daktari, binti mwenye sauti ya taratibu. "Na moyo umeelemewa. Leo hurudi nyumbani, mama. Bila dawa unaweza kuzimika ghafla."

"Moyo? Mlipiga picha ya mapafu, moyo umetokea wapi?"

"Si unakaa humohumo, wifi," alidakia mke wa kaka yake, aliyemsindikiza. "Au wako uliuacha dukani?"

"Nyamaza wewe! Pale nje wamelala watu wangapi kwenye machela? Nani kafungwa uzi?" Akateremsha mguu sakafuni. "Hiyo picha ya mtu mwingine. Naenda zangu."

Daktari hakubishana. Alisogeza kompyuta hadi kitandani.

"Moyo huu hapa. Chumba chake cha upande wa kulia husukuma damu kwenda mapafuni. Njia imeziba, kimesukuma mpaka kimetanuka, kimekipita cha kushoto, na ukuta wa katikati umebinuka. Kwa kawaida cha kushoto ndicho kikubwa."

Mama Vipimo akakodoa macho. Kweli, kimoja kilikuwa kimefura. Lakini cha nani?

"Nilianguka ngazini nikiwa msichana, ubavu wa kushoto ukavunjika, ukaunga vibaya. Hapa sijamwambia mtu. Nionyeshe."

Daktari akazipandisha picha, akaziteremsha. Ubavu uliopinda ukatokea, upande wa kulia wa kioo.

"Kulia! Mmeona? Si mimi huyo!"



Daktari akasimama mbele yake, uso kwa uso. "Mama, nipime mkono. Wa kushoto."

Kwa mazoea, mkono wa kulia wa Mama Vipimo ukanyooka moja kwa moja mbele, ukatua kwenye bega la kushoto la daktari. Ukabaki pale.

"Kushoto kwangu kumeangukia kulia kwako. Na picha imekutazama hivyohivyo, mama."

Akalitazama bega, akaurudia ule ubavu, halafu kile chumba kilichofura. Kumbe ni chake.

"Wifi," alisema polepole, "niinulie mguu."

Wifi akaurudisha kitandani, safari hii bila mzaha. Muuguzi akaja na sindano ya tumboni, ya kuzuia damu isiendelee kuganda. Mama Vipimo akamdaka mkono.

"Ngoja kwanza. Hiyo ya nani?"

"Yako, mama."

"Nisomee jina."

Akasomewa. Ndipo akafunua tumbo.