Akteri Hakufake

Blanketi ya sufu ikilowana mvua, inatoaka harufu kama ya mbuzi mwenye ametoka mutoni. Wiki iliyopita mvua ilinikutia njiani nikitoka ku korali ya kanisa, na nilipofika nyumbani nikakuta watoto wamesahau blanketi inje, ku kamba. Nikaikumbatia ili niingize mu nyumba. Mara moja sikuwa tena mama wa watoto ine. Nilikuwa Riziki, musichana wa miaka kumi na moja, nimeikala ku benchi ya mbao mu giza ya saa tisa ya muchana, kule Mapendo, mutaa yetu ya Goma, naangalia Wachina wanarukia juu ya mapaa.

Ngoja niwaelezee. Sinema ya Muzee Assumani ilikuwa nyumba ya mbao kama zingine zote za Goma, imesimama juu ya mawe nyeusi, na televizion moja ndani, na grupe ya mazutu inje ya kuleta umeme, yenye kukohoa kama mutu mwenye kifua. Mapazia hakukuwa. Muzee alikuwa anatundika blanketi ku madirisha ili jua isiingie, na Goma munaijua, mvua inanyeshaka wakati inataka, zile blanketi hazikukauka hata siku moja. Kwa hiyo mimi, hata leo, nikisikia harufu ya sufu yenye kulowana, nasikia pia ngumi.

Muzee Assumani alikuwa mutu wa Maniema, mwili kidogo, kofia nyeupe, sauti kubwa kupita mwili. Filme zilikuwa zinasema Kichina. Sisi hatukusikia Kichina, na yeye pia hakusikia. Lakini alisimama pembeni ya televizion na kafimbo mukononi, akasema pa nafasi ya watu wote. Bibi muzee wa kichina alipata sauti ya mama muuza sambaza, zile samaki kidogo za ziwa. Shefu bandi, mukubwa wa wanyanganyi, akitokea na farasi yake, kitu ya kwanza alikuwa anauliza ni karatasi za gari, kama polisi ya njia. Tulicheka mupaka benchi inaanguka.

Filme ikiisha, kazi yetu ilianza. Tulikuwa tunaipa pointi kama ku masomo, juu ya makumi mbili, na rafiki yangu Zawadi aliandika na kipande ya makaa ku mbao ya ukuta. Zawadi alikuwa mwalimu mubaya sana. Akteri akirusha teke moja tu na watu tano wanaanguka, alikata pointi mbili. «Uyu amekopiya,» alikuwa anasema. Filme yenye haikufikisha kumi, tuliandika kwamba imerudia mwaka. Filme za mashetani zilikuwa na njia yake: tulihesabu watu wangapi wameita Yesu mu giza. Siku moja Muzee akakasirika.

«Na wenye wameita Allah? Hamuwahesabu?»

«Muzee, ni wewe peke yako uliita.»

«Basi mwandike moja!»

Zawadi akaongeza pointi moja.

Lakini kulikuwa sheria moja yenye ilipita pointi zote. Kwetu, akteri ni ule mutu mwema wa filme, mwenye tunamufwata. Wengine wote ni watu tu. Na akteri hakufake, hafi hata siku moja. Akipigwa upanga, akianguka mu shimo, nyumba ikiungua naye ndani, Muzee alinyanyua kafimbo yake na kusema, «Musilie, amezimia tu. Tutamuona parti deux, sehemu ya pili.» Na si akteri peke yake. Zile siku Muzee alianza kuokoa watu wote wema, hata baba ya akteri, hata mupika chai. Tuliona na macho yetu upanga inaingilia mbele na kutokea mugongo. «Imepita ku koti,» alisema. Tukaitika, imepita ku koti. Na tukaongeza sheria yetu sisi wenyewe: kama hatukuona maiti yake inaingia mu udongo, ule mutu iko parti deux.

Sasa musikie vile iyi sheria iliingia mu nyumba yetu.

Papa yangu alikuwa shofa. Ilikuwa wakati ya vita, si ile ya kwanza, yenye ilifwata. Asubui moja alipanda lori ya tajiri wake kuenda Rutshuru kuleta maharagi. Alinigusa kichwa, akasema nichunge wadogo wangu wawili, akaenda. Siku ya ine, mutu mwenye alikuwa anamusaidia ku lori akarudi na miguu, midomo imepasuka. Akasema walikutana na watu wa bunduki kupita kijiji ya Kibumba, lori ikaungua, yeye alikuwa ameshuka kuchota maji. Wakulima wa pale walizika wenye walikuwa ndani. Yeye hakuona kaburi, alikuwa amejificha mu shamba ya viazi.

Mama akaanguka chini. Wamama wa kanisa wakafika, wakaimba, jirani wakaleta kuni na mboga ya sombe. Baba mudogo, ndugu ya papa, akatoka Sake na wembe mu mufuko ya shati. Kwa familia ya papa, siku ya kilio mutoto wa kwanza njo ananyolewa kichwa wa kwanza. Akiisha, wengine wanafwata, na ile nywele inafukiwa, na watu wanajua kwamba mutu amekufa na kilio inaweza kuwa na mwisho. Mutoto wa kwanza ni mimi.

Nikakataa.

«Riziki, kuya hapa mwanangu,» baba mudogo alisema.

«Hamukumuona,» nikasema. «Hakuna mwenye amemuona. Papa amezimia tu.»

Mama mumoja wa kanisa akasema pole pole, eh, mutoto iko anachanganyikiwa. Mimi sikuwa nachanganyikiwa, mulango wa akili yangu ulikuwa wazi kabisa. Lori kuungua, nilishaona watu wangapi wanatoka mu moto? Baba mudogo akanishika mukono, nikamuuma. Nikapanda juu ya tanki ya maji ya jirani na nikalala pale nimekumbatia kichwa yangu na mikono mbili mupaka jioni. Ni Mama mwenye alisema, «Mumuache.» Baba mudogo akarudi Sake na wembe yake. Watu wakabaki siku tatu, wakaangaliana, kisha wakaenda mumoja mumoja, kwa sababu hakuna mutu anajua namna ya kufunga kilio yenye haikufunguliwa.

Nilijisikia nimeshinda. Nimemuokoa papa.

Lakini Mama hakurudi mu kitanda. Alitandika mukeka nyuma ya mulango na aliikala pale, kikwembe ya kilio mwilini, na kila gari ikipita mu avenue alinyanyua uso. Hakuenda tena soko. Hakulia, na hakula. Mimi nilipika bugali, nililisha wadogo, na nilimuambia, «Mama, ungoje tu, iko njiani.» Alinijibu ndiyo. Miezi mbili nilimuona anakauka kama sambaza ku jua, na sikujua ni nani iko anamukausha. Saa tisa ikifika, nilikimbia kwa Muzee Assumani kutafuta nguvu. Kila siku alifufua mutu mumoja ao wawili, na mimi nilirudi na imani yangu imejaa.

Siku moja Muzee akasema, leo kuko filme mupya, kasete imetoka Kampala. Blanketi zilikuwa zinatiririsha maji. Mu ile filme kulikuwa mutu mwenye kusukuma mukokoteni, anapitisha chumvi mu milima, na binti yake mudogo anamungoja kijijini. Muzee, siku ile, hakuchezesha sauti. Hakukuwa mama muuza sambaza, hakukuwa karatasi za gari. Alisema tu na sauti yake mwenyewe. Shefu bandi akamukamata ule baba ku daraja ya kamba. Walipigana muda murefu, ngumi za kweli, hata Zawadi alisema pembeni yangu, «Dada, iyi ni kumi na nane.» Kisha kamba ikakatika. Ule baba akaanguka chini ya korongo, juu ya mawe, macho imefungwa.

Tukangoja. Zawadi akaita wa kwanza: «Amezimia!» Sinema nzima ikaitika: «Parti deux! Parti deux!»

Muzee hakunyanyua kafimbo. Alitoa kofia yake. Sikuwa nimeona kichwa yake mbele ya siku ile, ilikuwa na nywele nyeupe kidogo kama za mutoto.

«Hapana,» akasema. «Uyu amekufa.»

«Muzee! Akteri hakufake!»

«Anakufaka. Mutu mwema pia anakufaka, watoto wangu, na hata kama hamuone kaburi yake. Binti yake atamulilia. Na kumulilia si kumusaliti.»

Hakuniangalia. Nasema kweli mbele ya Mungu, hakuniangalia hata kidogo, aliangalia televizion. Kisha akatoka inje akazima grupe. Giza ikaingia mu kioo, na mutu akatoa blanketi ku dirisha, na wote tukaanza kufumba macho juu ya jua.

Watoto wakamukemea Muzee! Zawadi aliandika sifuri, na chini yake akaandika kwamba iyi haitarudia mwaka, inafukuzwa masomo. Miguu yangu mimi ilinipeleka nyumbani yenyewe, juu ya yale mawe yenye kukata viatu. Mama alikuwa nyuma ya mulango. Nikapiga magoti mbele yake.

«Mama, wembe iko wapi?»

Hakuuliza juu ya nini. Alileta wembe ya nyumba, sabuni na maji mu sahani ya plastiki, akanyoa kichwa yangu yeye mwenyewe, pole pole, na alipofika ku utosi mukono wake ukasimama na akalia. Alilia na sauti, kama mutu mwenye alikuwa amefungwa kinywa na wamefungua. Nikalia naye. Jirani wakasikia, wakakuya, safari hii walijua kitu ya kufanya. Wiki ile baba mudogo akarudi, wamama wakaimba, na ilipoisha Mama akapanda mu kitanda akalala mupaka saa sita ya muchana. Siku ya Jumatatu akaenda soko.

Miaka ikapita, na volkano ikatoka. Moto ulishuka ukapita mu Mapendo, ukala sinema na ukuta na pointi zetu zote. Tulikimbia kuvuka mupaka, Mama na Biblia kifuani, na mu wale watu wengi kama muchanga nikamuona Muzee Assumani, televizion ku kichwa imefungwa mu blanketi. Akanitambua.

«Riziki. Mama yako je?»

«Analala sasa, Muzee. Anakula.»

«Alhamdulillah,» akasema, na akaendelea na televizion yake. Hakuonekana tena Goma. Tulisikia alirudi kwao Maniema, na kule njo alifia.

Mimi nikaolewa, nikazaa, na nikiwa na watoto watatu nikaanza masomo ya magaribi, kujifunza kusoma Kifaransa. Watu walinicheka kidogo. Mbali na Biblia, sikujua itanisaidia nini. Sasa, Jumapili moja kiisha ibada, mutoto wangu mukubwa akaleta filme ya zamani ku telefone yake. «Mama, uone Wachina wa wakati yenu.» Nikaona mukokoteni. Nikaona chumvi. Nikamunyanganya telefone.

Chini ya picha kulikuwa maandishi ya Kifaransa, na nilikuwa nasoma. Kamba ikakatika, baba akaanguka juu ya mawe, macho imefungwa. Na hapa, pale Muzee alizima grupe, filme ikaendelea. Mvua ikanyesha juu ya uso wa ule mutu. Kidole yake ikatikisika. Akafungua macho, akaita jina ya binti yake, akaamuka.

Nilibaki nimeshika telefone kama mutu mwenye ameshika kaa la moto. Muzee alijua. Mutu mwenye alifufua maiti zote za China aliua mumoja mwenye alikuwa muzima, na aliniachia mimi nimulilie.

Nikaenda kwa Mama mu uwanja ya nyumba, alikuwa anachambua maharagi. Nikamuelezea yote. Akaacha kuchambua.

«Mimi nilienda kumuona,» akasema.

«Wewe? Ku sinema?»

Mama yangu, mwenye alisema ile nyumba ni ya shetani!

«Asubui, kukiwa hakuna watu. Nilimuambia: Muzee, uache kuwafufulia watoto watu, kufufua ni kazi ya Yesu. Mutoto wangu amekataa kulia kwa sababu yako, na mimi siwezi kulia mbele yake. Akaweka mukono ku kifua, akasema, Mama Riziki, nimesikia.» Akatikisa kichwa. «Lakini sikumutuma aue mutu, jameni!»

Tukacheka mupaka maharagi zikamwangika. Mutumishi wa Mungu anasemaka uongo ni uongo, na mimi namuitikiaka amina. Lakini ule wa Muzee, kila mara nimeupeleka mu maombi, sijaweza kuuombea musamaha. Namushukuru Mungu juu yake.

Kisha Mama akapangusa mikono yake ku kikwembe na akasema na sauti ya chini, bila kuniangalia:

«Nionyeshe. Pale anaamuka.»

Nikamuonyesha. Alileta telefone karibu na macho yake ya uzee. Mvua, kidole, macho yanafunguka.

«Rudisha.»

Nikarudisha. Na nikiona uso wake mu mwangaza ya ile kioo kidogo, nikasikia kitu yenye ile kichwa yangu ya miaka kumi na moja haikusikia. Nilifikiri mu ile nyumba aliyekuwa anangoja papa ni mimi peke yangu, na Mama alikuwa anakubali tu juu ya kunituliza. Kumbe tulikuwa wawili. Na siku alichukua ile wembe, kila nywele yenye alikata ku kichwa yangu, alikuwa anamuzika bwana wake na mukono yake mwenyewe, ili mimi na wadogo wangu tupate mama mwenye anaenda soko.

«Rudisha tena,» Mama akasema, na akasogeza mabega yake ili niikale pembeni yake.