Shimo la Nduma la Mama Yake

Mpangaji wangu alitoka nchi ambayo ningeweza kuifunika kwa kidole kwenye ramani, na kidole bado kikabaki na nafasi. Nilifundisha Jiografia katika shule ya msingi hapa Ruiru mpaka nikastaafu, na sikuwahi kuitaja darasani hata mara moja. Ni visiwa vyembamba katikati ya bahari kubwa, na aliniambia kwamba kwao ukisimama barabarani unaiona bahari kulia na bahari kushoto. Alikuwa ofisa wa kilimo wa serikali yao, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwimbaji mzuri kanisani. Alikuwa ametumwa kusomea shahada ya pili katika chuo kikuu kilicho karibu na mtaa wetu wa Kahawa Sukari. Nilimpa chumba cha nyuma, alichokuwa akilala mwanangu kabla hajaoa.

Kitu cha kwanza alichobandika ukutani ni yale Malengo ya Maendeleo Endelevu, yote kumi na saba na rangi zake. Nilicheka. Sisi huku tuliyajua kwa fulana na kalamu za semina, na chai ya saa nne ikishanywewa, semina imekwisha. Yeye hakucheka. Alisema kwao watoto huyakariri shuleni kama Baba Yetu, na kila kijiji kimeahidi mbele ya wazee na mbele ya mchungaji jambo kitakalofanya. Nchi isiyo na kiwanda cha kutoa moshi imeapa kuliko sisi tunaonusa moshi wa Thika kila siku. Niliona ni kama mtu anayefagia uani huku nyumba imeshika moto upande ambao hakuuwasha yeye. Sikumwambia hivyo, na si kawaida yangu kunyamaza.

Hakuwa amekaa sana nilipompeleka Thika kwa kaka yangu, ambaye shamba lake linateremka mpaka mto Chania. Wageni hutaka kuonyeshwa maporomoko. Huyu alifika kwenye nduma, hizi ambazo watu wa pwani huziita magimbi, zilizopandwa kwenye tope kando ya mto, akavua viatu, akaingia, akashika jani moja kwa vidole viwili. Halafu akalia. Kaka yangu hajui la kufanya mwanamume mwenzake akilia, kwa hiyo akaanza kutueleza habari za ng'ombe wake.

Alipotulia tukaketi kwenye nyasi, akatueleza. Kisiwani kwao hakuna mto wala udongo, ni mchanga mtupu. Kwa hiyo kila familia ina shimo. Mababu walichimba mpaka wakafikia maji matamu yaliyo chini ya mchanga, na humo ndani hupandwa mmea wa jamii ya nduma, mkubwa kuliko mtu. Hulishwa majani makavu, kila familia na mchanganyiko wake wa siri, na ni utovu wa adabu kuingia katika shimo la mwenzako. Mmea mmoja unaweza kutunzwa miaka na miaka ukingojea harusi au msiba. Mtu mzima akifa, waombolezaji hula kutoka shimo lake mwenyewe. Wakilishwa wali wa dukani, ni kama amezikwa na watu wasiomjua.

Mwaka mmoja kabla hajaja kwetu, bahari ilipanda usiku ikaingia katika shimo la mama yake. Majani yakawa manjano, mizizi ikaoza. Mpango wa serikali, ule ule wa malengo, ulisema mashimo yote yaliyoingiwa na chumvi yafukiwe na yajengwe matangi ya kuvuna maji ya mvua mahali pake. Ulikuwa mpango mzuri, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioupanga. Mama yake alikataa shimo lake kuguswa. Alikuwa mgonjwa wa moyo na alijua hana muda mrefu. Alimwambia mwanawe aende asome, amtafutie nduma inayovumilia chumvi, ili siku yake ikifika watu wale chakula chake.

Basi akarudi Ruiru na gunia la miche. Juu ya nyumba, pale tunapoanika nguo, alipanga mabeseni, kila beseni na kiasi chake cha chumvi. Mwenye duka la pembeni aliniuliza kama mgeni wangu anakausha samaki. Nami, na magoti yangu haya, nikaanza kupanda ngazi kila asubuhi kwenda kuangalia kabla hata sijanywa chai. Ya chumvi nyingi ilikufa kwanza, kisha ile ya chumvi kidogo. Alitafuta aina nyingine kwa wanawake wanaouza kando ya barabara kule Witeithie, na nyingine akaletewa na wanafunzi wenzake kutoka magharibi. Zote zilikufa, ila zile za maji matupu, ambazo zilinawiri mpaka nikazichukia.

Kila Jumapili mama yake alimtumia sauti kwenye simu. Sikuelewa lugha yao, lakini nilizoea kusikia maneno fulani yakirudi mwishoni kila mara, na siku moja nikamuuliza maana yake.

"Ananiuliza kama imeshika."

"Na wewe humwambia nini?"

"Namwambia bado kidogo."

Mama huyo alifariki wakati wa mitihani. Kwao maiti haikai, na njia ya kwenda huko ni ndege juu ya ndege kisha meli inayokuja ikipenda, kwa hiyo hangewahi. Binamu yake alimpigia baada ya mazishi. Mpangaji wangu akaja akasimama kwenye mlango wa jikoni kwangu, simu bado mkononi, akaniambia wamekula wali.

Sisi nasi tukafanya tunachokijua. Msiba ukiingia katika nyumba huku kwetu, majirani na akina mama wa kanisa huja kuomba pamoja, na mfiwa hashiki kitu. Mfiwa akionekana ameinua hata sufuria, ni aibu ya mtaa mzima. Walisema watakuja Jumamosi mchana. Aliposikia hivyo alikwenda Thika, akazichimba nduma za kaka yangu kwa mkono wake, akazimenya mwenyewe na kuzichemsha katika sufuria yangu kubwa. Sikuruhusiwa hata kuchochea jiko. Nilifikiri ni ile huzuni inayomtafutia mtu kazi ya mikono, nikamwacha.

Uani palijaa. Tuliomba, tukaimba, mchungaji akasema machache. Ndipo mpangaji wangu akatoka jikoni amejifunga kitambaa cha kwao kiunoni, amebeba sinia. Mke wa kaka yangu, mwanamke mwema asiyevumilia kumwona mtu akiteseka, akamwahi mlangoni, akalitwaa lile sinia mikononi mwake.

"Wewe ni mfiwa," alimwambia. "Hapana shika kitu. Keti, sisi tuko."

Alijibu kitu kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini. Wanawake wakampapasa mabega, wakamwambia pole, pole sana, wakamkalisha kiti cha mbele kabisa na kumpa sahani ya kwanza. Waligawa upesi upesi, kila mmoja akitaka kusaidia, na chai ikafuata. Watu walikula wakazisifu nduma. Sinia lilirudi jikoni tupu.

Walipoondoka, jua bado liko juu, nilimkuta pale pale, na sahani mapajani, hajaigusa. Nikamhimiza ale. Ndipo akanieleza kwamba kwao mtoto wa marehemu hali chakula siku hiyo. Kazi yake ni kugawa. Humpa kila mtu chakula kwa mkono wake, na kila anayepokea hulitaja jina la marehemu, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote waliofika wawe wamelitaja. Mama anaondoka hivyo. Shimo alikuwa amelikosa, alisema, na mazishi ameyakosa, akawa amebaki na hilo la mikono tu.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira ilinipanda mpaka kichwani, lakini hapakuwa na wa kumkasirikia. Wote walikuwa wamempenda. Nilishika simu nikamwambia nitawaita warudi, leo hii, kesho, siku yoyote, na kaka yangu atachimba nyingine. Akaifunika simu kwa kiganja chake.

"Mama, mtu huzikwa mara moja," alisema.

Alimaliza masomo yake vizuri. Katika tasnifu yake aliandika kwamba hakupata nduma ya kuvumilia chumvi ile, na kwamba mashimo yaliyoharibika yafukiwe kama nchi yake ilivyoahidi. Alinisomea ukurasa huo mezani, sauti ikiwa imara, kisha akaenda kufungasha.

Juzi alinipigia. Tangi liko tayari, limejengwa juu ya shimo la mama yake. Alitaka shimo hilo lifukiwe la kwanza, maana hangeweza kwenda kwa jirani kumwambia afukie lake huku la kwao lingali wazi. Watoto wanachota hapo wakitoka shule na maji ni matamu. Nilimwambia nimefurahi, na nilikuwa nadanganya, naye alijua.

Laini ilikuwa ikikoroma. Mwishowe nikamwomba anitajie jina la mama yake, kwa kuwa siku ile, kati ya watu wote waliojaa uani kwangu, hakuna aliyeliuliza, hata mimi. Akalitaja. Nilijaribu kulisema nikakosea, akanirekebisha. Nikalirudia vizuri.