Nyumba Nyembamba na Jina la Timazi

Kwanza nisahihishe. Marehemu mume wangu hakuwa amelewa siku ile, hakupima kwa hatua za miguu, wala hakuibana nyumba yetu ili aibe matofali. Wengi wanaoyasema hayo walihamia mtaani juzi, wakapaka milango rangi ya ndimu, na sasa wanatufundisha historia yetu.

Alikuwa mwashi. Walimwita Timazi kwa sababu ile kamba yake ya kupimia wima haikumtoka mfukoni hata harusini. Wakati huo hapa palikuwa kinamasi na vyura. Kiwanda cha magunia kilitaka wafanyakazi walale karibu na king'ora, kikaagiza safu moja ya nyumba zilizoshikana, kila majirani wawili wakichangia ukuta. Jirani akikohoa, dawa unameza wewe.

Ili kazi iende haraka, safu ilianzwa ncha zote mbili. Mume wangu alishika mashariki. Magharibi alishika kaka yangu mkubwa, yule aliyebeba zege ili mimi nisome. Walipokutana katikati, penye nafasi ya nyumba moja palibaki nusu. Hakuna aliyeitaka. Timazi akaijenga, tukahamia. Kitanda kiliingilia dirishani na hakijatoka tangu hapo. Wanangu wote walisoma humo, na wote wanajua kupishana kwa adabu.

Kiwanda kilipofungwa, nyumba zikauzwa, zikapangishwa, zikachakaa. Kisha wenye pesa wakagundua kwamba uchakavu unapendeza, nasi tukawa mtaa wa kihistoria wenye kamati.

Mwezi uliopita mwenyekiti wa kamati, ambaye ni kinyozi, alikuja na wenzake na kibao cha kupigilia mlangoni kwangu: KOSA LA TIMAZI.

"Mama, hiki kitaleta wageni."

"Watakaa wapi, mwanangu? Wakiingia wawili, mimi natoka."

"Usikasirike. Timazi hupima wima, upana haujui!"

Wakacheka. Nikachukua futi, nikawaburuta hadi mashariki. Kila nyumba ilikuwa na upana ulioagizwa, ukuta ukiwemo. Tukaenda magharibi. Kila nyumba ilizidi kwa unene wa ukuta mmoja. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Mume wangu alihesabu ukuta kuwa sehemu ya nyumba," nikawaambia. "Huku walipima chumba kwanza, ukuta wakauongeza juu yake. 'Ukuta si nyumba, nani analala ukutani?' Ndivyo ilivyosemwa. Ziada zote hizo zikaja kuishia kwangu."

Kinyozi akakuna kidevu. "Basi tumemwonea mzee. Tunafuta jina lake. Na huku alijenga nani, tuandike lake?"

Nikaanza kukunja futi.

"Si shemeji yake Timazi?" akadakia muuza maziwa, mzaliwa wa hapa, ambaye kwa bahati mbaya ana kumbukumbu nzuri. "Yule kaka yake Mama!"

Wote wakanigeukia.

"Andikeni 'Nyumba Nyembamba'," nikasema. "Inatosha."

"Lakini Mama, historia—"

"Historia mmeipima wenyewe. Kosa halina jina."

"Ila lilikuwa na jina asubuhi!"

Nikarudi kwangu, nikaingia ndani kwa ubavu, kama tunavyoingia sote, nikafunga. Tangu hapo kinyozi hunisalimia kwa kuinua nyusi, na muuza maziwa amebuni maswali mapya. Sijibu, na sitajibu. Kaka yangu alikuwa fundi mzuri. Sina zaidi.