Nyumba ya Akiru wa Chuo

Ejok, habari zenu watu wangu! Leo mama amenifunga mdomo mbele ya mwenye ploti, na mimi ndiye bingwa wa maneno Kakuma nzima.

Dada yangu Akiru ameitwa chuo hapa Lodwar. Tukashuka asubuhi na wazazi kumtafutia mahali pa kulala.

Mzee wetu anataka kupanga chumba. Mimi nataka anunue hii ploti tuliyoonyeshwa Nawoitorong, nje kidogo ya mji. Shule niliachia kidato cha pili, lakini mambo ya nyumba nina digrii.

"Mzee, kodi itakula mbuzi kila muhula!"

"Na ploti itakula nusu ya zizi leo. Halafu nani atajenga?"

"Si mimi hapa!"

Akiru alicheka mpaka akakaa chini. Tukabishana mpaka mwenye ploti akaenda kutafuta kivuli.

Kumbe mama anazunguka ile ploti pole pole, anaangalia upepo unatoka wapi. Akarudi.

"Nyinyi wawili, mmewahi kujenga nyumba gani?"



Jamani, kwetu nyumba hujengwa na akina mama. Hata mzee analala kwa nyumba ya mama!

"Tunanunua," akasema. "Nitajenga na Akiru. Akimaliza chuo, wadogo zake watasomea humo humo."

Mzee akatabasamu. Kesho anapeleka mbuzi sokoni.

Na bingwa? Nimepewa kazi ya kubeba makuti, msimamizi wangu ni Akiru. Ameshaanza kunipigia kelele, na ploti bado hatujalipa!

Cheka pole pole. Kwenu nani huamua mambo ya nyumba?