Springi Niliyoichonga Jina

Naandika nikiwa bado nimefura, ingawa sasa sijui nimkasirikie nani.

Springi ya pikapu ya mama ilikatika jana vipande viwili njiani kuelekea Busisi, dagaa wake wakamwagika barabarani. Springi mpya kabisa! Mimi ndiye niliyeichagua, na mama akasema hataniamini tena na gari lake. Nikabeba vipande hadi dukani nilikoinunua, Kirumba, mama nyuma yangu, moyo wangu ukiunguruma kama ziwa lenye tufani.

"Umeniuzia chuma bandia!" nilifoka mbele ya wateja.

"Hata shikamoo hakuna, mwanangu?" akauliza mama mwenye duka.

"Shikamoo. Umeniuzia chuma bandia!"

"Marahaba. Una hakika ni ya kwangu?"

"Tena sana! Niliichonga jina langu kwa grenda ya kukatia chuma siku ileile, mafundi wasije wakanibadilishia. Soma hapo: DEUS!"

Akaunganisha vipande juu ya kaunta. Springi ilikuwa imekatika katikati ya herufi E. Ndani, karibu na mchongo, palikuwa na kutu ya ufa wa wiki kadhaa. Sehemu iliyobaki iling'aa, imekatika jana. Chuma kile kigumu, kilichokomazwa kwa moto, nilikitia jeraha mwenyewe, na kila shimo la barabarani likalipanua kidogo kidogo.

Mama yangu akainama, akasoma taratibu.

"Kumbe aliyemwaga dagaa wangu," akawaambia wateja, "ameweka na sahihi."